Kifua Bado Kinachemka

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Mbunge wetu. Mfumu Mbango, chifu wetu, na wazee wako wa baraza. Ndugu Mkurugenzi wa Afya wa Wilaya. Baba Padri uliyetufungulia kwa sala. Matroni na wauguzi wote wa Hospitali ya Mtawatawa, mlio kazini na mliokwisha kupumzika. Ndugu wageni waalikwa. Mama zangu mlioamkia jikoni. Na ninyi vijana mliopanda ukuta wa stoo ili muone vizuri, shukeni taratibu, leo hatutaki mgonjwa. Na wewe, Sista Lofina Gasiteni, mwenye siku yako ya kustaafu, ambaye wamekuweka kwenye kiti cha plastiki pale chini huku mimi nikipewa kochi lenye mito. Nawasalimu wote kwa heshima zote.

Ratiba mliyonayo mikononi inasema kwamba anayezungumza sasa ni mgeni rasmi, Profesa Yotamu Gondwe, mwalimu wa elimu ya dawa, mtu aliyetuletea Kanuni ya Gondwe inayookoa wagonjwa wa sumu ya mashambani. Hotuba yangu ilipigwa chapa, kurasa sita, na mshereheshaji anayo nakala yake. Kaka, ikunje. Ya kwangu iko mfukoni na itabaki humo humo.

Mama zangu, vigelegele ngojeni kidogo. Mnaweza mkavijutia.

Jumanne iliyopita nilifika nyumbani kwa Sista Lofina, pale nyuma ya kinu cha mahindi. Nilimkuta barazani anabambua karanga. Aliniona, hakusimama.

"Profesa, umepotea njia?"

"Sijapotea, Sista. Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Unajua mwenyewe."

"Mimi najua. Nataka nisikie kama na wewe unajua."

Nikamweleza. Nilieleza nikiwa nimesimama juani, maana hakunikaribisha kiti, na yeye alikuwa anabambua karanga tu, ta, ta, ta, ndani ya ungo. Nilipomaliza akaniuliza, "Ile barua uliibandika wapi?"

"Kwenye ubao wa matangazo wa hospitali."

"Watu waliisoma?"

"Waliisoma."

"Hata wasiojua kusoma walisomewa. Sasa msamaha wa barazani wa nini, baba? Ulinichafulia jina uwanjani, kanifulie uwanjani. Jumamosi utapewa maikrofoni. Sema. Mimi nitakuwa nimekaa. Ukimaliza, nitasimama nikupe mkono, au nitabaki nimekaa, na watu wote wataona."

Basi nipo hapa kwa sharti hilo. Mkono nitaupata au nitaukosa mbele yenu, na nawaambia wazi kwamba naogopa. Nimesimama mbele ya maprofesa wa nchi za mbali nisiogope, leo namwogopa mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani.

Ili mlielewe kosa langu, inabidi kwanza niwafundishe kitu. Mnivumilie, ualimu ni ugonjwa.

Ndani ya mwili, mshipa wa fahamu haugusi msuli. Haugusi tezi ya mate, haugusi moyo. Kati yao kuna mwanya, mdogo mno usioonekana, lakini ni mwanya. Sasa habari inavukaje? Inavuka kama inavyovuka kwetu baina ya koo mbili zinazotaka kuoana. Yupo kijana wa hapa anayejiendea mwenyewe kumwambia baba wa msichana, "Mzee, nimempenda binti yako"? Thubutu! Si atafunguliwa mbwa? Anatumwa mshenga. Na mshipa wa fahamu nao hutuma mshenga. Wako wa aina nyingi mwilini, kila mmoja na ujumbe wake, lakini wa kisa hiki anaitwa asetilikolini. Anavuka mwanya, anafika kwenye mlango uliotengenezwa kwa ajili yake, mlango tunaouita kipokezi, na pale anasema neno lake: mate, toka, jasho, toka, moyo, punguza mwendo, msuli, jikaze. Akishasema, yuko mhudumu mmoja, kimeng'enya, ambaye kazi yake ni kumwondoa mshenga pale mlangoni, ili neno lisemwe mara moja na liishe.

Dawa tunayopulizia pamba humfunga mikono yule mhudumu. Washenga wanakuja na hakuna wa kuwaondoa. Wanajaa mlangoni, wanarudia neno lile lile: mate toka, machozi toka, mapafu toa maji. Mtu anazama akiwa kitandani, kwenye nchi kavu, kwa maji ya mwili wake mwenyewe.

Tiba yake tunaiita atropini. Atropini haimfungui mhudumu mikono, wala haimfukuzi mshenga. Inakwenda kukaa mlangoni, basi, kama shangazi mnene aliyeketi kizingitini na hataki kupisha mtu. Mshenga akija anakuta pamezibwa. Lakini washenga wakiwa mia na shangazi mmoja, watampenya. Inabidi ulete shangazi wa pili, wa tatu, wa kumi, mpaka mlango uzibike kweli. Na jambo la mwisho, ambalo nililikariri chuoni nikapata alama za juu, halafu siku lilipohitajika likanitoka kichwani: mshenga huyu ana milango ya aina mbili. Iko milango ya mapafu, tezi na moyo, na hapo shangazi anakaa. Iko milango ya misuli ya mikono na miguu, na hapo shangazi hakai kabisa, hata umwage ndoo nzima ya atropini. Miguu ya mgonjwa itaendelea kutetemeka, na kutetemeka huko hakukuambii lolote kuhusu kazi ya atropini.

Shikeni hilo.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na tisa Januari, mwaka 1998, mwezi wa kupulizia pamba. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimetoka kaskazini, miezi mitatu tu hapa bondeni, daktari pekee wa hospitali hii. Nilitembea na kifaa changu cha kusikilizia shingoni hata nikienda msalani. Wauguzi walioniamkia "Shikamoo Daktari" niliwaitikia, waliosahau niliwakumbusha. Watu wazima mnaocheka pale nyuma, mnanikumbuka.

Saa nne asubuhi ukaingia mkokoteni wa ng'ombe. Ndani yake bibi mmoja, Bibi Nazitala wa Kanyimbi, na mjukuu wake Filesi, miaka tisa, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Mtoto alikuwa anatoa povu. Macho yanatiririka, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Misuli ya mapaja inacheza chini ya ngozi. Na kifua, jamani, ulikisikia ukiwa mlangoni, kinachemka kama chungu cha nsima, ugali wetu wa hapa.

Nikamuuliza bibi, "Amekunywa nini?"

"Hajanywa kitu."

"Amekula nini?"

"Tangu jana hajala. Anatapika tu."

"Mmempa dawa yoyote?"

"Dawa ya kunywa, hapana. Ya chawa tu, ya kichwani."

Nikaandika kwenye faili: dawa ya chawa. Nikafikiria ile ya chupa ya dukani, yenye harufu nzuri. Nikageuza ukurasa.

Ugonjwa wenyewe niliutambua, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Hii ni sumu ya pamba, bila shaka ameramba kopo shambani." Nikaagiza atropini. Sista Lofina, aliyekuwa na miaka thelathini na mitatu na aliyekuwa amefanya kazi wodi hii kabla mimi sijajua kufunga tai, akadunga. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Povu likapungua. Mboni zikafunguka. Moyo uliokuwa unasuasua ukaanza kukimbia, mapigo mia na arobaini. Nikanyoosha mgongo. Nikasema, "Inatosha."

Sista akainama, akaweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto. "Daktari, kifua bado kinachemka."

"Tazama macho, Sista. Mboni zimefunguka. Hesabu moyo. Ukiongeza utamuua."

"Macho nimeyaona. Kifua bado."

"Na miguu? Si bado inatetemeka? Maana yake dawa imefika mwisho wa uwezo wake. Inatosha, nimesema."

"Miguu si kifua, Daktari."

Maneno matatu yenye somo zima la milango miwili, yametoka kwa muuguzi ambaye hajaona picha ya kipokezi hata moja. Nami nikamjibu nini? Nikamjibu, "Hapa daktari nani?" Mbele ya bibi wa mtoto, mbele ya wagonjwa kumi na wanne. Wakati huo huo nikaitwa chumba cha upasuaji, mama mjamzito mtoto amekwama. Nikaondoka na agizo: atropini iliyobaki ni ya chumba cha upasuaji, mtu asiiguse.

Sista alisubiri mlango ufungwe. Kisha alinyanyua sanduku zima la atropini akalipeleka wodini. Katika trei yangu ya upasuaji aliacha vichupa viwili. Niliviona, nikadhani ndiyo akiba yetu yote, nikalaani serikali kimoyomoyo.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, naona Mkurugenzi anakunong'oneza. Nafikiri anauliza kama ni lazima niyaseme haya mbele ya watu. Ndugu Mkurugenzi, kuna msemo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeutumia msemo huo miaka ishirini na saba. Yangu yaliyopita ni ndwele, na leo naiganga. Nipe dakika kumi.

Yaliyotokea wodini nilipokuwa napasua sikuyaona. Niliyasikia kwa Bibi Nazitala mwenyewe, kesho yake, na kwa Sista Jumanne ile.

Alidunga, akasikiliza. Akadunga mara mbili zaidi, akasikiliza. Kifua kikakauka, akashusha pumzi. Baada ya robo saa, kikaanza tena kuchemka. Akadunga, kikakauka, kikachemka. Mara nne hivyo. Fikirieni: sanduku linaisha, daktari amekataza, mtoto anarudi majini kila ukimtoa. Ningekuwa mimi ningesema Mungu ametaka. Yeye akajiuliza swali ambalo mimi sikujiuliza: kama milango nimeiziba, hawa washenga wapya wanatoka wapi? Hakusema hivyo, bila shaka. Alichosema, kwa mujibu wa bibi, ni, "Huyu mtoto anaendelea kulishwa. Nani anamlisha?"

Akainama tena kusikiliza mgongo, safari hii kwa upande wa shingo, na pua yake ikapita karibu na kile kitambaa cheupe.

"Bibi, hii dawa ya chawa mliipata wapi?"

"Kwa mwanangu wa kiume. Kopo lake la pamba. Kama inaua wadudu wa pamba, chawa ni nini?"

"Mkampaka lini?"

"Jana jioni. Nikamfunga na nailoni kisha kitambaa, ili ishike."

"Hamkumwosha?"

"Sista, nawe! Dawa inaoshwa? Si itapoteza nguvu?"

Ndugu zangu, hapo ndipo kisa chote kilipolala. Kwa lugha ya hapa dawa ni *mankhwala*. Kidonge ni mankhwala, ya kupulizia pamba ni mankhwala, mbolea ni mankhwala, na ya mganga wa Kanyimbi pia. Hata wale waliotuletea pamba, walipopita na gari lao lenye spika, walisema hivyo hivyo, "Njooni mchukue dawa." Bibi aliambiwa ni dawa. Dawa humezwa, hupakwa, haioshwi. Mimi nilipoambiwa "dawa ya chawa" sikuuliza dawa gani, kwa sababu kwangu nako dawa ilikuwa ni dawa. Tulikosea kosa moja, mimi na bibi. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na shahada.

Sista akafungua kile kitambaa. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari, nene, zimelowa sumu, na kila msuko unaipenyeza polepole kwenye ngozi. Maji peke yake yasingefika. Akaagiza sabuni, ndoo na wembe.

Bibi alipouona wembe akapiga ukelele ambao nasikia walioko sokoni waliusikia. Hapa bondeni ni nani asiyejua mtoto hunyolewa lini? Hunyolewa msiba ukishatoka nyumbani, mzee wako akishalala mchangani. Bibi akajitupa juu ya mjukuu wake.

"Mnanizikia mtoto akiwa hai! Mnamnyoa, nani amekufa? Niambieni, nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Bibi. Nipishe."

"Ukimnyoa unaita kifo! Sikubali! Nichinjeni mimi!"

Na mtoto chini yake anachemka. Wauguzi wawili walijaribu kumwondoa, wakashindwa. Sista Lofina, tazameni alichofanya. Alivua kofia yake ya kazi. Akachukua ule wembe, akauweka kwenye paji la uso, akavuta hadi utosini. Mstari mmoja, mweupe, upana wa vidole viwili. Nywele zikadondoka juu ya aproni yake. Damu kidogo ikatoka.

Akasema, "Haya, Bibi. Kama ni msiba, umeanza kwangu. Mwenye kufiwa ni mimi. Sasa nipishe nimwokoe mjukuu wako."

Bibi akainuka. Akatazama ule mstari. Akanyoosha mkono, akasema, "Lete. Umejikata mwenyewe, utamkata na yeye." Akamnyoa Filesi yeye mwenyewe, huku analia, na Sista anamwaga maji na sabuni, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tano, wamevaa mifuko ya nailoni mikononi. Kitambaa na mto vikachomwa nje. Sista akadunga mara ya mwisho. Kifua kikakauka, wakasubiri robo saa wakihesabu, hakikurudi. Wakasubiri nyingine, hakikurudi.

Mama zangu, sasa ndiyo nafasi ya vigelegele. Pigeni.

Asanteni. Sasa nyamazeni, kwa sababu hapo ndipo mimi ninapoingia.

Saa tisa alasiri nilitoka chumba cha upasuaji, mama na mtoto salama, nimejaa sifa zangu. Nikafika wodini. Nikaona nini? Mtoto kipara, mwekundu wa macho, ngozi moto na kavu, anaongea na watu wasiokuwepo, anakamata vipepeo hewani. Atropini iliyobaki mwilini, sumu ilipokatika, ilikuwa imezidi kwa muda, jambo ambalo hupita lenyewe, na Sista alikuwa ameshaacha kudunga. Nikaona vichupa vitupu thelathini na vinne vimepangwa dirishani. Nikamwona muuguzi wangu, nywele zina njia katikati kama mwendawazimu, damu imekauka kwenye paji la uso. Sikuuliza swali hata moja. Wala kifua cha mtoto sikukisikiliza. Nilitazama macho tu, nikaona ninachotaka kuona.

Niliandika barua kwa hasira, mistari saba. Nakala yake ninayo. Inasema Muuguzi Lofina Gasiteni amekaidi amri ya daktari, amemzidishia mtoto dawa kiasi cha kuhatarisha uhai wake, na amefanya vitendo vya kishirikina wodini. Vya kishirikina! Nikaibandika ubaoni.

Kesho yake asubuhi Filesi alikaa kitandani akaomba uji. Nikasoma faili upya, nikaongea na bibi, nikanusa kile kipande cha kitambaa ambacho moto ulikisaza. Saa tatu asubuhi, tarehe ishirini, nilijua kila kitu. Ubao wa matangazo ulikuwa hatua kumi kutoka mezani kwangu. Wakati wowote ningeweza kuinuka nikaing'oa ile karatasi. Nilikunywa chai. Nilijiambia, daktari akijikana mbele ya wauguzi atatawalaje? Nikasema kesho. Kesho nikasema Jumatatu. Barua ikafifia na jua pale ubaoni, ikaingia kwenye faili lake, na kila jina lake lilipopelekwa kwa ajili ya umatroni, faili lilirudi. Wanawake watatu aliowafundisha kudunga sindano wamekuwa wakubwa wake. Kijijini wakamwita Sista Wembe. Kuna akina mama waliokataa awaguse watoto wao. Sista, nasema uongo?

Anatikisa kichwa. Hajacheka, mnaona.

Na bado sijafika pabaya. Mwaka uliofuata niliandika makala juu ya kisa hiki: sumu inayoingia kupitia nywele, na kwa nini usitazame macho wala miguu bali usikilize kifua. Jina moja tu liliandikwa juu yake, langu. Makala ile ndiyo iliyonitoa hapa, ikanipeleka ng'ambo, ikanirudisha profesa. "Sikiliza kifua, acha macho": wanafunzi wangu wanaikariri, wanaiita Kanuni ya Gondwe. Nimeitwa kwenye harusi zao, wakanishika mkono, wakaniambia, "Mwalimu, kanuni yako imeokoa mtu." Nami nikaitikia, "Tunamshukuru Mungu." Mungu nilimshukuru, Lofina hapana.

Darasani nilikisimulia kisa hiki kwa kuchekesha. Nilikuwa naigiza sauti ya bibi, "Dawa inaoshwa?" na ukumbi mzima unaangua kicheko. Filesi yuko pale, kwenye safu ya tatu, dada mwenye misuko mirefu na mtoto mgongoni. Dada, yule alikuwa bibi yako, aliyekulea, aliyekunyoa kwa mkono wake huku akiamini anakuzika. Nilimfanya kichekesho kwa miaka mingi, naye ameshalala Kanyimbi, siwezi kumfikia. Nakuomba radhi wewe kwa niaba yake. Usinijibu leo, kama hutaki.

Sasa vitendo, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Jumatano niliandika kwa wenye jarida lililochapisha makala ile, kwamba ugunduzi ule si wangu na mwenye nao ni nani. Pale chuoni, mlango wa maabara ulikuwa na kibao cha shaba chenye jina la kanuni na jina langu. Nilikifungua skrubu mwenyewe, mlinzi akinitazama kama mwizi. Kiko kwenye buti la gari, Sista, ukitaka ukigeuze sahani ya kuku. Na kwa Mkurugenzi wa Afya nimekabidhi barua, imepigwa muhuri, iwekwe juu kabisa ya faili lako. Naisoma, nayo itabandikwa ubao ule ule:

"Mimi, Yotamu Gondwe, nafuta barua yangu ya tarehe 19 Januari 1998. Sista Lofina Gasiteni hakumzidishia mtoto dawa, alimtibu. Hakufanya ushirikina, alijinyoa ili bibi akubali. Aliyekosa ni mimi. Nilijua kesho yake asubuhi, na nikanyamaza."

Nawashukuru, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mfumu, waheshimiwa wote. Nawashukuru wauguzi, hasa ninyi vijana: daktari akikwambia "inatosha" na wewe unasikia kitu, mwambie tena, na tena, hata akikuuliza hapa daktari nani. Nawashukuru mama zangu kwa vigelegele na kwa togwa ile ya asubuhi. Asanteni nyote kwa kunivumilia juani.

Sista, nimeshuka jukwaani, kochi nimeliacha. Nimesimama mbele yako. Siku ile nilikwambia utazame macho, wewe ukasikiliza kifua. Leo pia usinitazame macho. Macho ya msomi yanajua kujitengeneza. Nisikilize kifua. Kama kimekauka, mkono wangu huu hapa. Na kama unasikia bado kinachemka, usinionee huruma, kaa hapo hapo ulipo. Maikrofoni ninayo, nitaanza tena mwanzo.